Bei ya Kona za Kimbiji

Ukiharibikiwa giaboksi upande huu wa Temeke, utaelekezwa kwa Bahiya. Duka lake liko Chang'ombe, nyuma ya viwanda, na ndani hamna kiti cha mteja. Hakukisahau, amekiacha makusudi. Anasema mteja akikaa anapata nguvu za kubishana, akisimama miguu yake mwenyewe inamshauri akubali.

Hilo mtaani linajulikana. Kisichojulikana sana ni kwamba Bahiya binti Aidarus huyohuyo, mwanamke aliyevuka arobaini, ndiye anayekaa kiti cha kushoto cha gari la mashindano la Raza Husseinali, hijabu imebanwa vizuri ndani ya helmeti, akimsomea njia kwenye vumbi wakati wengine wangekuwa wanatamka shahada kwa kuogopa kufa.

Hakuzaliwa kwenye magari. Mzee Aidarus, baba yake, alikuwa na duka la mchele na mafuta ya taa, na alipofariki wanawe wa kiume wakaliendesha mpaka wakaliua. Bahiya akaolewa na mfanyabiashara wa vipuri, akaachwa. Mume alipohamia Muscat alimwachia stoo ya giaboksi zilizomshinda kuuza, kama mtu anavyokuachia takataka uzitupe. Bahiya alikuwa ndani ya eda, hatoki. Akachukua simu. Eda ilipoisha, stoo ilikuwa tupu, na yeye alikuwa na majina ya mafundi wote kuanzia Mbagala mpaka Mwenge. Tangu hapo hakumwomba mtu kitu.

Raza alikuja kwake kama mteja. Kijana wa Kihindi, mtanashati, familia yao wanauza vigae, na yeye amechagua kazi ya kuvunja magari. Walibishana juu ya giaboksi moja tangu alasiri mpaka ikaadhiniwa magharibi. Mwishowe Raza akaegemea mlango wa bati, hoi.

"Da Bahiya, mie nina msoma ramani, anaitwa Aiman. Akiona kona kali anapiga kelele kama kakanyaga moto. Wewe tumebishana toka mchana, sauti yako haijapanda wala kushuka. Unajua kusoma ndani ya gari?"

"Najua kusoma popote. Giaboksi unachukua au huchukui?"

Aliichukua, kwa bei ya Bahiya. Wiki iliyofuata akamchukua na Bahiya mwenyewe.

Kazi yenyewe iko hivi. Kabla ya mashindano, dereva na msoma ramani wanaipita njia polepole kuikagua. Kila kona dereva anaitajia namba. Moja ni kona ya kujikunja, unaipita kama unaingiza gari uani. Sita ni kona ya jina tu, mguu hautoki kwenye mafuta. Msoma ramani anaandika. Siku ya mbio anamsomea dereva kinachokuja kabla hakijaonekana, na dereva anaamini. Basi. Mabibi na mabwana wote wa mchezo huu wanafanya hivyo, dereva anasema, msoma ramani anaandika.

Bahiya hakuweza. Mtu anamtajia namba, yeye aiandike tu? Siku ya kwanza kabisa Raza alisema, "Kulia, tano."

"Nne," akasema Bahiya.

"Nimesema tano."

"Nimekusikia. Nne."

"Da Bahiya, hii siyo giaboksi!"

"Haya, nne ya kuongeza. Twende zetu."

Wakaandika nne yenye alama ya kujumlisha pembeni. Na hivyo ndivyo walivyofanya kazi misimu miwili, kona kwa kona, wakipatana bei. Madereva wengine waliwacheka, lakini gari la Raza likaanza kufika. Zamani lilikuwa linarudi mjini juu ya lori.

Msimu huu lilifika kila mara, na kila mara la pili. Raundi nne, nafasi ya pili mara nne. Aliyekuwa mbele yao mara tatu ni Apolinari, mkandarasi wa kokoto wa Kibamba, jitu la miraba minne lenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Mara ya nne injini yake ilimfia njiani, lakini dereva mwingine akawapita. Kwa hesabu ya ubingwa Apolinari aliwazidi pointi tatu tu. Zilibaki raundi mbili: Kimbiji, kisha Kibamba kumalizia.

Jumatatu ya wiki ya Kimbiji, Farheen akaingia dukani. Farheen ni dada mkubwa wa Raza, ndiye anayesimamia timu, na vigae, na Raza. Alitazama huku na huku, hakuona pa kukaa, akasimama.

"Bahiya, sitazunguka."

"Usizunguke, dada."

"Mara nne nafasi ya pili."

"Mara nne tumefika. Nitajie mwingine aliyefika mara nne."

"Sikatai. Lakini Apolinari akifika, anashinda. Nyie mkifika, mko nyuma yake. Tukikaa tukisubiri injini yake ife tena, tutasubiri mpaka mwakani." Farheen akahamisha mkoba bega la pili. "Kuna msoma ramani Nairobi, kijana mzoefu. Nimeongea naye. Yuko tayari kwa raundi ya mwisho."

Bahiya alikuwa anafuta grisi kwenye kipuri. Hakuacha kufuta. "Raza anajua?"

"Anajua."

"Akasemaje?"

"Hakukataa."

Kuna watu wangelia hapo, au wangetaja misimu miwili ya vumbi na jasho. Bahiya aliweka kipuri chini. Aliona jambo moja tu: mbele yake kasimama mtu ambaye hajafunga biashara bado. Angekuwa ameifunga, angepiga simu, asingekuja mwenyewe mpaka Chang'ombe.

"Kimbiji tukishinda?"

"Mkishinda kiti ni chako. Siwezi kumtoa mshindi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka msimu uishe."

"Msimu umebaki raundi moja, dada Farheen. Unanipa mfupa. Ongeza na mwakani."

Farheen naye ni mtoto wa dukani, anajua kubanwa. "Na mwakani," akasema. "Lakini mkiwa wa pili tena, hata kama kwa nukta moja, Nairobi anapanda. Na hutanipigia simu."

"Sitakupigia."

Usiku ule mama yake, Bi Malak, alimkuta mezani hajagusa chai. Bi Malak hakuwahi kuupenda mchezo huu. Aliuita kazi ya watu waliochoka na roho zao.

"Wanakutoa?"

"Wanataka."

"Alhamdulillahi. Si ukae dukani kwako, mwanangu? Duka lako mwenyewe hakuna wa kukutoa."

"Duka nitakuwa nalo tu, mama. Kiti hiki wananichukulia."

Bi Malak akamtazama mwanawe, akaona ana uso uleule wa siku za eda na simu. Akaimwaga chai iliyopoa, akamletea nyingine.

Bahiya alipiga hesabu zake. Misimu miwili amekuwa akimpunguzia Raza kila kona. Tano ikawa nne, nne ikawa tatu. Kila namba aliyoipunguza ilikuwa nukta ya sekunde iliyobaki barabarani, na Apolinari ndiye aliyeiokota. Basi dawa ni moja. Kimbiji hatapunguza. Raza akisema tano, ni tano. Ampe bei yake yote anayoitaka, waone.

Alhamisi walikwenda kukagua njia. Vipande vya mbio vilikuwa viwili, vingepitwa asubuhi na kurudiwa mchana: kimoja cha minazi na mchanga, kingine cha mikorosho na mawe ya matumbawe yaliyochomoza kama meno. Gari lilitambaa.

"Kushoto, tano," akasema Raza.

Bahiya akaandika.

Raza akageuza shingo. "Nimesema tano."

"Nimeandika tano."

"Aa." Akasogeza gari. "Kulia, tano, mchanga. Mwaka jana niliipita tano hii, hata gari halikuteleza."

"Tano. Mchanga."

Kila muuzaji anaijua hofu ile ya kutaja bei, mteja akakubali papo hapo. Unabaki na bidhaa mkononi unajiuliza umekosea wapi. Raza aliendesha akimtazama Bahiya kwa pembe ya jicho, akitaja namba, akisubiri. Hakuna kilichokuja. Njiani kurudi alijikohoza mara mbili kama mtu mwenye neno, neno lisitoke. Bahiya naye alimezwa na uamuzi wake, hakumuuliza. Alidhani kijana anaona haya kwa sababu ya yule wa Nairobi.

Jumamosi uwanja wa shule Kimbiji ulijaa. Wauza mihogo ya kukaanga, muziki wa singeli kwenye spika mbili zinazoshindana, watoto juu ya miti. Apolinari alikuwa ameegemea gari lake, pembeni yake Jonas, msoma ramani wake, mtu mwembamba asiyezungumza mpaka ndani ya gari.

"Da Bahiya!" Apolinari akaita, watu wote wasikie. "Nafasi yako ya pili nimekuwekea. Nimeipangusa vumbi kabisa!"

"Ipanguse vizuri, kaka Apolinari. Utaikalia mwenyewe, usije ukachafua suruali."

Watu wakashangilia. Apolinari akacheka zaidi ya wote. Raza hakucheka. Alikuwa anavaa glovu, anavua, anavaa tena.

Kipande cha kwanza kilianza vizuri. Kwenye kona chache za mwanzo gari lilikwenda kama limevutwa na kamba. Kisha Bahiya akasoma, "Mia moja, kulia tano, mchanga."

Raza aliingia na tano. Mchanga haukukubaliana naye. Nyuma ya gari ikaondoka kwanza, mbele ikafuata, wakavuka ukingo wa njia wakaingia kwenye shamba la mihogo kwa ubavu, majani yakipiga kioo, mnazi ukapita upande wa Bahiya karibu kiasi cha kuhesabu makovu yake. Gari likasimama limeelekea lilikotoka.

"Mihogo yanguu!" Mwanamke mmoja alikuwa anakuja mbio, khanga mkononi. "Nyie, barabara hamkuiona?"

"Tutalipa, mama, tusukume kwanza!" Raza akapayuka dirishani.

Walisukumwa na wanakijiji wakarudi njiani. Kilichobaki cha kipande hicho, Raza aliendesha kama mtu anayevuka mto usiku. Bahiya akisoma tano, anaingia na tatu. Akisoma nne, anafunga breki. Kipande cha pili kikawa hivyohivyo. Walipotoka kwenye mikorosho, Apolinari alikuwa amewaacha kwa nusu dakika na ushei.

Walikuwa kwenye njia ya kawaida, wanarudi kituo cha mafundi, mwendo wa kiraia, wamepangana na bodaboda, ndipo Bahiya aliponyanyua kioo cha helmeti.

"Nieleze."

"Nikueleze nini? Umenisomea tano kwenye mchanga!"

"Wewe mwenyewe ulisema tano. Tena ukaniambia na ya mwaka jana."

"Nilisema tano nikijua utanipunguzia!"

Bodaboda aliyekuwa pembeni akageuka kuwaangalia.

Raza alikuwa ameshafunguka, hakuweza tena kujizuia. "Misimu miwili unanipunguzia, Da Bahiya. Nikisema nne unaandika tatu. Kwa hiyo nikiona kona ya nne nasema tano, ukate, ibaki nne yangu. Wewe ukanyamaza! Alhamisi nzima unaandika tu kama karani. Nikajua labda umekasirika, utapunguza mwenyewe wakati wa kusoma."

"Kwa nini hukusema?"

"Nianze mimi kujishusha? Nikuambie bei niliyotaja ni ya uongo?"

Hapo Bahiya akamwelewa kabisa, kwa sababu yeye mwenyewe asingejishusha. Wamefanyiana biashara ya dukani miaka miwili ndani ya gari, mmoja akipandisha ili apunguziwe, mwingine akipunguza kwa sababu anajua imepandishwa. Kila mtu katika mji huu anaijua kazi hiyo tangu ananunua nyanya. Yeye akaamka siku moja akaamua kununua bila kubishana, na asimwambie muuzaji.

"Zote umepandisha?" akauliza.

"Siyo zote. Nyingine nilisema kweli."

"Na hizo nilizipunguza?"

"Zote ulizipunguza," akasema Raza. "Hujawahi kuniachia hata moja."

Ndiyo hiyo nafasi ya pili yenyewe, akawaza Bahiya. Mara nne.

Kituo cha mafundi kilikuwa chini ya mikorosho. Tusajigwe, fundi mkuu wao, mwanamke wa Tukuyu aliyesomea ufundi hapohapo Chang'ombe, alilizunguka gari mara moja akachomoa jani la muhogo kwenye taa.

"Mmekwenda sokoni?" akauliza, akaingia chini ya gari bila kusubiri jibu. Mkono wa gurudumu la kulia ulikuwa umepinda. "Utabadilishwa," sauti yake ikasema kutoka chini. "Msinisemeshe."

Farheen alikuwa amesimama kwenye kivuli na simu mkononi. Hakuwakaribia. Uso wake ulishapiga hesabu.

Raza alitaka kushuka. Bahiya akamshika mkono wa ovaroli. "Kaa. Tunaanza upya."

"Kona zote? Hatuna muda."

"Siyo zote. Za uongo tu."

"Mimi mwenyewe sizikumbuki zote, Da Bahiya."

"Mie nazikumbuka." Akafungua daftari lake la kona kwenye mapaja. "Ulipotaja kona ukanyamaza, hiyo ilikuwa bei yako. Ulipotaja ukaanza kunieleza, oo mwaka jana, oo gari limebadilishwa shokapu, hiyo umepandisha. Wateja wangu mafundi wote wako hivyo. Akileta kitu kizima anataja bei, anafunga mdomo. Akileta kibovu ananisimulia historia yake."

Raza akazisogelea karatasi.

"Kulia mchanga, ulinieleza mwaka jana. Nne?"

"Nne," akakubali.

"Kushoto kwenye tanuri la chokaa, ulinieleza matairi mapya. Ulitaja nne."

"Tatu. Tena tatu ya kubana."

Wakaenda hivyo, kalamu ikikata, ikiandika, Tusajigwe akigonga chini yao. Hawakubishana hata mara moja. Bahiya aliuliza, Raza alijibu, na kila mara jibu lilikuwa namba moja tupu. Aligundua pia kwamba namba tupu za Alhamisi zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Kona nyingi Raza alikuwa anaziweza kabisa, misimu yote, na yeye alikuwa akizikata kwa mazoea ya mkono.

Walipofika mwisho Raza akafuta jasho. "Kuhusu yule wa Nairobi," akaanza.

"Hukukataa."

"Sikukataa. Farheen aliniuliza mara nne za pili nimezipenda? Sikuwa na jibu."

"Sawa." Bahiya akafunga mkanda. "Leo ukipata jibu, kampe. Ila kuanzia sasa ni bei moja. Mie sipunguzi, wewe hupandishi. Nikisoma, unaingia."

"Na nikiogopa?"

"Ogopa. Lakini ingia."

Kipande cha minazi mchana kilikuwa kimelimwa na magari ya asubuhi, mchanga umefunguka kama mtama uliomwagika. Kwenye kona ya mihogo Bahiya akasoma nne, Raza akaingia na nne, gari likashika, na yule mama mwenye shamba akaonekana keshapanga ukuta mzima wa magogo kando ya mihogo yake. Kona baada ya kona Bahiya aliusikia mguu wa Raza ukirudi kazini. Zile za uongo alizisoma kwa namba mpya, na zile Raza alizozitaja kwa kweli zikabaki kama zilivyotajwa, na hizo ndizo zilizowalipa. Walipotoka, msimamizi wa saa akawapa muda wao, Raza akauangalia mara mbili. Pengo lilikuwa limebaki sekunde tisa.

Kilibaki kipande cha mikorosho. Apolinari, kwa sababu anaongoza, aliondoka mbele yao. Vumbi lake lilikuwa bado linashuka walipohesabiwa kuondoka.

Bahiya alisoma. Akisoma huwa hatazami nje. Njia anaihisi mgongoni, kwenye kiti, na macho yako kwenye karatasi. Sauti yake haikuwa na haraka, wala wasiwasi, wala matumaini. "Kulia nne, fupi. Hamsini. Kushoto tatu, jiwe ndani, usikate. Nyoosha, mia na hamsini, kushoto sita, kalavati."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Njia iliyonyooka, kisha kona ya kushoto ambayo huioni mwisho wake kwa ajili ya mikorosho, na katikati yake kalavati jembamba lenye kuta mbili za zege. Kila mtu siku ile aliipita kwa breki. Asubuhi Raza mwenyewe aliifungia breki. Misimu yote, kona ya namna hiyo Bahiya angeikata ikawa nne bila kufikiri. Lakini Alhamisi Raza alisema, "Kushoto, sita, kalavati," kisha akafunga mdomo. Hakueleza lolote.

Bahiya alisikia injini ikishuka. Mguu umetoka kwenye mafuta.

Angeweza kusema nne. Ilikuwa ulimini, na hakuna ambaye angemlaumu. Nne ingewafikisha. Wangefika salama, wa pili.

"Sita," akasema tena, kwa sauti ileile.

Injini ikakaa kimya kipande cha pumzi. Kisha ikapiga kelele, gari likainama, kiti kikamsukuma Bahiya begani, na kitu cha kijivu kikapita dirishani kwake, kingine dirishani kwa Raza, na chini mlio wa zege ukaja ukaondoka kabla haujaeleweka. Walikuwa upande wa pili.

"Kulia tano," Bahiya akaendelea. "Sitini. Kulia tatu."

Mwisho wa kipande Apolinari alikuwa ameketi juu ya boneti lake, soda mkononi, Jonas kasimama na saa yake. Kijana wa kituo akaandika muda kwenye kadi akaupitisha dirishani. Bahiya aliusoma, akajumlisha, akajumlisha tena kwa sababu hajawahi kukubali hesabu ya mtu mara moja. Kisha akampa Raza kadi.

"Sekunde mbili," akasema.

"Nyuma?"

"Mbele."

Raza alipiga usukani kwa viganja mpaka honi ikalia yenyewe. Jonas alikuwa ameshapiga hesabu yake. Alimwonesha Apolinari saa, na Apolinari akashuka kutoka kwenye boneti taratibu, kama mtu aliyeambiwa kiti si chake. Akaja mpaka dirishani kwa Bahiya.

"Kalavati mmelipitaje?"

"Bila kusimama."

"Hamna akili." Akacheka, lakini kicheko hakikufika ng'ambo ya barabara. Kwa mara ya kwanza msimu huo alikuwa nyuma. Pointi tatu zake zimegeuka kuwa nne za Raza. "Haya. Kibamba ni kwetu, Da Bahiya. Kila shimo nalijua jina."

"Basi utatupokea."

Kule uwanjani kulikuwa na vigelegele, Raza kabebwa juu juu, Tusajigwe anacheza singeli na spana mkononi. Farheen akaja na maji ya baridi, chupa mbili, akampa Bahiya moja.

"Mmenifungia mdomo," akasema. "Hongera. Tutaongea wiki ijayo, tupange mambo ya mwakani kwa utulivu."

Bahiya akanywa maji nusu chupa kwanza. "Tulishaongea."

"Tulishaongea, ndiyo. Nasema tu, yule kijana nimuache kwanza kama akiba. Huwezi kujua. Mtu anaumwa, mtu anapata dharura..."

"Unanieleza, dada Farheen," Bahiya akamkata. "Mpigie."

"Sasa hivi? Hapa, kwenye makelele haya?"

"Makelele atayasikia na yeye, ajue tumeshinda. Weka spika."

Farheen akapiga. Sauti ya kijana ikajibu kutoka Nairobi, ina furaha, inauliza mambo ya tiketi.

"Samahani sana, ndugu yangu," akasema Farheen. "Nafasi ya Kibamba imejaa."

"Aah. Hakuna shida. Basi tuongee ya msimu ujao?"

Farheen akainua macho. Bahiya alikuwa amesimama palepale na chupa yake, vumbi jeupe limemganda nyusi zote mbili. Alisubiri tu, kama anavyosubiri dukani.

"Na msimu ujao imejaa," akasema Farheen, akakata simu.

Bahiya akashukuru kwa kichwa, akamaliza maji, akaenda kumtafuta yule mama wa mihogo kabla watu hawajatawanyika, wapatane.